Ngazi Ikipanda, Ni Nini Kinachopanda? Ulinganisho wa Mifumo Mitano ya Michezo ya Wahusika wa Mezani

Watu wanaoanzisha kundi la michezo ya wahusika wa mezani, ambamo kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, mwendeshaji husimulia dunia na maadui, na dadu huamua matokeo, aghalabu huchagua mfumo, yaani kitabu cha kanuni, kwa kuvutiwa na picha za jalada, au kwa sababu mmoja wao tayari anacho kitabu, kisha baada ya miezi michache hugundua kwamba jambo lililoamua utamu wa mchezo lilikuwa limejificha katika jedwali dogo la kupanda ngazi. Jedwali hilo ndilo linaloeleza mhusika wa ngazi ya 9 anamzidi mwenzake wa ngazi ya 1 kwa kiasi gani, na kwa njia ipi: je, anapiga kwa uhakika zaidi, anavumilia majeraha zaidi, anayaweza mambo ambayo mwenzake hawezi hata kuyajaribu, au yote matatu kwa pamoja?

Katika ulinganisho huu nimekipa uzito kipimo kimoja kuliko vingine, nacho ni hiki: wahusika wawili waliopishana ngazi kadhaa wanaweza kuandamana katika safari moja bila mmoja wao kugeuka mzigo? Makundi ya Kisumu hukutana na swali hili mapema. Mchezaji mmoja ni mwanafunzi wa Maseno ambaye hurudi kwao Bungoma chuo kinapofungwa, mwingine anafanya kazi ya zamu hospitalini, wa tatu amehamishiwa Kakamega na huja mara moja kwa mwezi akipata nauli ya matatu, na kila baada ya muda hujitokeza mgeni aliyealikwa na binamu yake. Mfumo unaodhani kwamba watu walewale wataketi pamoja kila Jumamosi kwa mwaka mzima utawatesa watu hawa hata kama kanuni zake zimeandikwa kwa ustadi mkubwa.

Dungeons & Dragons, toleo la 5

Toleo la 5 la Dungeons & Dragons lilitoka mwaka 2014 na likafanyiwa marekebisho mwaka 2024. Lina ngazi 20, na wabunifu wake waliamua kwa makusudi kuzizuia tarakimu za mafanikio zisipande sana. Nyongeza ya umahiri, ambayo mchezaji huijumlisha na matokeo ya dadu ya pande 20, huanza kwa 2 katika ngazi ya 1 na kufikia 6 katika ngazi ya 17, ambapo hukoma. Sifa ya msingi kama Nguvu nayo kwa kawaida haivuki 20, kiwango ambacho hutoa nyongeza ya 5. Tumchukue mpiganaji wa ngazi ya 1 mwenye Nguvu 16: anapomshambulia goblini wa kitabu cha 2014, mwenye kinga ya 15, yaani idadi ambayo shambulio lazima liifikie, anaongeza 5 kwenye dadu (3 za Nguvu na 2 za umahiri), kwa hiyo anahitaji kupata 10 au zaidi, yaani nafasi ya asilimia 55. Mpiganaji huyohuyo akifika ngazi ya 9 akiwa na Nguvu 20 anaongeza 9, na nafasi yake inakuwa asilimia 75. Ngazi nane zimemwongezea pointi nne peke yake.

Kinachopanda kwa kasi ni uhai na madhara. Mpiganaji huyo akiwa na Ustahimilivu wa 14 huanza na alama 12 za uhai, na akitumia wastani badala ya kurusha dadu atakuwa na alama 76 katika ngazi ya 9. Tena kuanzia ngazi ya 5 hushambulia mara mbili katika zamu moja. Mchawi wa ngazi hiyohiyo ya 5 hupata uchawi wa mpira wa moto, ambao hurusha dadu nane za pande sita, wastani wa madhara 28, kwa kila aliye ndani ya eneo lake. Hapo ndipo pengo la ngazi linapouma. Mgeni aliyejiunga na mhusika wa ngazi ya 1 mwenye alama 12 anaweza kumpiga adui bila tatizo kubwa, lakini adui akirusha mpira wa moto na mgeni akashindwa kukwepa, madhara ya 28 yatamaliza uhai wake na kubakiza 16, na kwa kuwa mabaki hayo yanazidi uhai wake kamili, kanuni zinasema amekufa papo hapo. Hata akifaulu kukwepa, nusu ya madhara inatosha kumlaza chini. Kwa ufupi, toleo la 5 humruhusu mdogo kupiga pamoja na wakubwa, ila halimruhusu kupigwa pamoja nao.

Kuna nafuu mbili. Ya kwanza imo katika jedwali la alama za uzoefu: ngazi ya 2 hudai alama 300, ya 5 hudai 6,500 na ya 6 hudai 14,000, kwa hiyo katika muda ambao kundi linakusanya alama 7,500 za kutoka ngazi ya 5 hadi ya 6, mgeni anayepata mgao uleule huwa ameshavuka ngazi ya 5. Akiokoka vikao vichache vya mwanzo, atawafikia. Nafuu ya pili ni kuacha kabisa kuhesabu alama na kuwapandisha wote kwa pamoja hadithi inapofika hatua muhimu, waliokuwepo na wasiokuwepo. Kitabu kinaruhusu, na kwa kundi la watu wanaokuja na kwenda naipendelea njia hii, ingawa huondoa ile raha ya mtu kujua kwamba ngazi yake ameitolea jasho.

Hata hivyo njia hii haitibu pengo lililo kati ya wachezaji wenyewe. Mtu ambaye hajawahi kucheza ukimpa mchawi wa ngazi ya 7, utakuwa umemkabidhi kitabu chenye uchawi usiopungua aina 18 ambazo hakuzipata moja baada ya nyingine kama wenzake. Tarakimu zake ziko sawa na za wengine, lakini kila zamu yake itachukua dakika tano. Mgeni wa namna hiyo namshauri achukue mpiganaji.

Pathfinder, toleo la 2

Pathfinder toleo la 2, kutoka kampuni ya Paizo mwaka 2019, linashika njia ya kinyume. Hapa ngazi yenyewe huongezwa karibu kila mahali: kwenye shambulio, kinga, majaribio ya kukwepa, uangalifu, na kila stadi ambayo mhusika amefunzwa. Aliyefunzwa hupata ngazi yake na 2 juu yake, mtaalamu ngazi na 4, bingwa ngazi na 6, na aliyefikia daraja la juu kabisa hupata ngazi na 8. Asiyefunzwa hupata sifuri hata akiwa ngazi ya 20. Stadi ambayo mhusika alifunzwa na hakuiendeleza hupanda kutoka 3 katika ngazi ya 1 hadi 11 katika ngazi ya 9 pasipo yeye kufanya lolote, na hapo hatujagusa sifa za msingi wala vifaa.

Uzito wa tarakimu hizo huongezwa na kanuni nyingine: anayekivuka kizingiti, yaani idadi inayotakiwa ili kufaulu, kwa 10 au zaidi hupata ufanisi wa kupindukia, na anayepungukiwa kwa 10 au zaidi huanguka vibaya kupita kiasi. Kwa hiyo ngazi nane za tofauti hubadilisha aina ya matokeo yenyewe. Mkubwa anapompiga mdogo, mapigo yake mengi huwa ya madhara maradufu. Mdogo anapojaribu kumpiga mkubwa, karibu kila jaribio ni kazi bure.

Mfano ulio karibu nasi utaonyesha tofauti hii vizuri. Masimulizi ya Waluo yanamkumbuka Lwanda Magere wa Kano, shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ya maadui ikigonga na kuanguka, mpaka siri ya kivuli chake ilipofichuka. Mwendeshaji wa mchezo anayetaka kumweka shujaa kama huyo kwenye uwanda wa Kano hana kazi kubwa katika Pathfinder, kwa maana mpiganaji wa ngazi ya 9 aliyevaa deraya nzito ana kinga ya takriban 28, na goblini wa kawaida, ambaye anaongeza 8, atamgusa tu dadu ikitua kwenye 20. Goblini 20 kama huyo wakimrushia mikuki, mmoja kwa wastani ndiye atakayempata. Katika toleo la 5 la Dungeons & Dragons, goblini 20 wenye pinde, kila mmoja akiongeza 4 dhidi ya kinga ya 20, watampata mara tano kwa kila mzunguko, madhara ya takriban 27, na shujaa mwenye alama 76 za uhai asipoondoka hapo haraka hatamaliza mizunguko minne. Ili Lwanda Magere awe jiwe katika toleo la 5, mwendeshaji atalazimika kumwandikia uwezo wa pekee. Anayependa masimulizi ambamo shujaa mkubwa huwapita watu wa kawaida kama upepo atapendezwa na Pathfinder. Anayependa hofu ya umati, ambamo hata jemadari hawezi kudharau wanakijiji wenye mikuki, toleo la 5 litamfaa zaidi.

Faida kubwa ya ukali wa ngazi katika Pathfinder humwendea mwendeshaji. Kwa kundi la watu wanne, adui mmoja wa ngazi sawa na yao huhesabiwa alama 40, anayewazidi kwa ngazi 2 alama 80, ambayo ni vita vya kiasi, na anayewazidi kwa ngazi 4 alama 160, ambayo ni hatari ya mwisho inayoweza kuwaangamiza wote. Hesabu hii huaminika mezani kuliko ile ya toleo la 5, ambayo hulegea kadiri ngazi zinavyopanda, kwa sababu uchawi na idadi ya mashambulio huvuruga makadirio yake.

Lakini kwa kipimo changu cha wageni, mfumo huu ndio mgumu kuliko wote. Kila ngazi hudai alama 1,000 zilezile, kwa hiyo aliyeachwa nyuma ngazi tatu atabaki nyuma ngazi tatu milele wote wakipata mgao sawa. Kitabu chenyewe kinakiri hatari hiyo, ndiyo maana kinapendekeza kundi zima liwe ngazi moja, na aliye nyuma apewe alama maradufu mpaka awafikie wenzake. Zaidi ya hayo, kila ngazi huja na uteuzi wa vipaji vipya, na mchezaji asiyesoma kanuni nyumbani atatumia nusu ya kikao akichagua.

Kanuni za zamani

Dungeons & Dragons ya kwanza, iliyoandikwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa mwaka 1974, na vitabu vya mwaka 1981 vilivyoipanga upya, vina mantiki ambayo vijana wengi huiona ya ajabu mpaka waicheze. Leo njia rahisi ya kuifikia ni Old-School Essentials ya mwaka 2019, ambayo imezipanga upya kanuni za 1981 karibu bila kuzibadilisha. Hapa alama za uzoefu hutokana zaidi na dhahabu iliyorudishwa salama nyumbani, sarafu moja kwa alama moja, na kila tabaka lina jedwali lake: mwizi hupanda ngazi ya 2 kwa alama 1,200, kasisi kwa 1,500, mpiganaji kwa 2,000 na mchawi kwa 2,500.

Alama zinazodaiwa huongezeka maradufu karibu kila ngazi. Mpiganaji huhitaji 2,000, kisha 4,000, 8,000, 16,000, 32,000 na 64,000 kufika ngazi ya 7. Matokeo yake ni mazuri kwa kundi letu lisilotulia: mpiganaji mpya anayejiunga wenzake wakiwa wameingia tu ngazi ya 6 na kupata mgao sawa nao atakuwa amefika ngazi ya 6 siku wanayofika ya 7. Kanuni zinamzuia asiruke zaidi ya ngazi moja katika safari moja, lakini kufikia kwake ni hakika, mradi aishi.

Kuishi ndiko kwenye mashaka. Mchawi wa ngazi ya 1 huwa na dadu moja ya pande nne ya uhai na uchawi mmoja kwa siku, na mpiganaji ana dadu moja ya pande nane. Tarakimu za shambulio hupanda taratibu, kwa mpiganaji mara moja kila baada ya ngazi tatu. Jambo linalonivutia ni kwamba dunia haijipangi kulingana na ngazi ya wachezaji. Orofa ya kwanza ya pango ina maadui dhaifu na dhahabu kidogo, ya tano ina maadui wakali na dhahabu nyingi, na wachezaji wenyewe ndio wanaoamua kushuka. Kundi lenye wahusika wa ngazi ya 2 na ya 6 linaweza kukubaliana kubaki orofa ya tatu, ambapo mkubwa yuko salama kiasi na mdogo ana la kufanya: kubeba mwenge, kutega kamba, kujadiliana na maadui badala ya kupigana nao. Mifumo ya kisasa humwachia mwendeshaji peke yake mzigo wa kulinganisha hatari. Hapa mzigo huo wanaubeba wote.

Kanuni hizi pia ndizo zilizozaa lawama ya kale kuhusu mpiganaji na mchawi. Mpira wa moto wa mwaka 1981 hutoa dadu moja ya pande sita kwa kila ngazi ya mchawi, ilhali upanga wa mpiganaji hubaki upanga. Toleo la 3 la mwaka 2000 lilizidisha tofauti hiyo, kwa kuwa mpiganaji alipata +20 kwenye shambulio katika ngazi ya 20 huku mchawi akipata uwezo wa kubadilisha ulimwengu kwa kutamka ombi. Toleo la 4 la mwaka 2008 lilijaribu kuyapa matabaka yote nguvu mpya kwa ratiba moja katika ngazi 30, na wachezaji wengi wakalalamika kwamba matabaka yamefanana. Toleo la 5 na Pathfinder zimepunguza tatizo, Pathfinder kwa ufanisi zaidi, lakini atakayecheza kanuni za 1981 na aelewe mapema kwamba mchawi ananunua ukubwa wa baadaye kwa unyonge wa sasa, na kwamba wengi wao hufa kabla ya kuupokea.

Mifumo ambayo ngazi ni nyepesi, au haipo

Dungeon World ya mwaka 2012 ina ngazi 10, lakini ngazi ndani yake ni nyepesi. Mchezaji hurusha dadu mbili za pande sita na kuongeza sifa isiyozidi 3: akipata 10 au zaidi amefaulu, 7 hadi 9 amefaulu kwa gharama, 6 au chini mwendeshaji humletea balaa, na mchezaji hupata alama moja ya uzoefu kwa kushindwa huko. Mwenye nyongeza ya 0 hufaulu kikamilifu mara 6 kati ya 36, na mwenye 3 mara 21 kati ya 36. Uhai haupandi kwa sababu ya ngazi. Mgeni wa ngazi ya 1 mwenye nyongeza ya 2 katika sifa yake kuu anaweza kuketi na mkongwe wa ngazi ya 8 bila aibu, maana mkongwe anamzidi kwa wingi wa mbinu kuliko kwa nguvu. Kasoro yake ni kwamba safari ndefu huchosha. Baada ya ngazi ya 6 au ya 7 mbinu mpya huanza kufanana, na wachezaji hukosa kile kishindo cha kupata uwezo mkubwa.

Call of Cthulhu, mchezo wa upelelezi wa mambo ya kutisha uliotoka mwaka 1981, haina ngazi kabisa. Stadi hupimwa kwa asilimia, na stadi iliyotumika kwa mafanikio huwekewa alama. Mwisho wa kisa mchezaji hurusha dadu ya mia, na katika toleo la 7 akipata zaidi ya kiwango alichonacho huongeza dadu moja ya pande kumi. Mwenye asilimia 30 ana nafasi ya 70 kati ya 100 ya kuendelea, mwenye 80 ana nafasi ya takriban 20, hivyo wanaojifunza huwakaribia mabingwa. Uhai hutokana na ustahimilivu na ukubwa wa mwili na haupandi, kwa hiyo kisu kinachomuua mgeni kinaweza kumuua mpelelezi wa miaka mingi, ambaye pia akili yake imeshapukutika kwa mambo aliyoyaona. Anayetaka kukua hatapendezwa nayo. Marafiki wa Nakuru na Eldoret wanaokutana wakati wa likizo tu, kila mara wakiwa na sura mpya mezani, hawatapata mfumo unaowafaa zaidi.

Namna ya kuamua

Kama kundi lina watu wanne au watano wasiobadilika, wanaopenda kupanga mbinu na kusoma kanuni baina ya vikao, Pathfinder italipa gharama yake, na kanuni zake zote husomeka bure kwenye tovuti ya Archives of Nethys. Kama watu huja na kwenda lakini wanataka mashujaa wanaokua, toleo la 5 pamoja na kupandishana ngazi kwa pamoja ndilo chaguo langu la kwanza, na kanuni zake za msingi zilitolewa chini ya leseni huria mwanzoni mwa mwaka 2023. Wanaostahimili kufiwa na wahusika wachukue Old-School Essentials. Wanaotaka kuanza leo jioni wachukue Dungeon World, ambayo majaribio yake makuu huhitaji dadu mbili za kawaida, zile za ludo zinazouzwa hata katika soko la Kibuye, ilhali seti ya dadu za pande nyingi si rahisi kuipata madukani, ingawa programu ya simu huziba pengo hilo.

Lipo pia suluhisho la kati kwa waliokwisha kuipenda Pathfinder na hawana kundi tulivu. Kitabu cha waendeshaji cha mwaka 2020 kina kanuni ya hiari inayoondoa ngazi kwenye umahiri, ili mgeni wa ngazi ya 3 aweze kugusa anachogusa wa ngazi ya 7. Gharama yake ni mbili: ufanisi wa kupindukia hupungua, na mwendeshaji hulazimika kutoa ngazi ya kila adui kwenye shambulio, kinga na vizingiti vyake kabla ya kikao. Kwa maadui wanne au watano kazi hiyo ni ya dakika chache, lakini kwa pango zima ni ya jioni nzima, na mwendeshaji asiye na jioni hiyo afadhali aanze na toleo la 5.